Upande wa Kushoto

Siku ya Jumatano geji zote za gari la Tajudin zilikufa kwa mpigo mmoja, akiwa katikati ya mlima wa Mbuya, Kampala, na watoto wanane wa shule ndani. Mshale wa spidi ulilala kwenye sifuri, wa mafuta ukalala, wa joto la maji ukalala, na vitaa vyote vya nyuma ya usukani vikazimika. Gari lenyewe liliendelea kupanda. Tajudin aligonga kioo cha dashibodi kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Hakuna kilichoamka.

"Mzee Taju, gari imekufa?" aliuliza Laker, mtoto wa miaka sita aliyekaa nyuma yake.

"Haijakufa. Imelala."

Watoto walicheka. Jioni Laker akamwambia baba yake kwamba gari la Mzee Taju linatembea huku limelala, na kesi ikaanzia hapo.

Baba yake alikuwa Sajini Komakech. Kesho yake alfajiri alisimama mbele ya geti lake, akainama kwenye dirisha la dereva na kutazama dashibodi yenye giza.

"Hii ni nini, mzee?"

"Ni geji tu, Afande. Injini haina neno."

"Geji tu? Maji ikichemka utajua namna gani? Utajua namna gani unakimbia ngapi? Mimi nimeendesha lori ya jeshi miaka tisa. Nenda tengeneza. Kabla ya hapo, Laker hapandi."

Aliyasema hayo bila kupaza sauti, lakini mama wa watoto wawili wa nyumba ya pili alikuwa amesimama pale pale na mabegi ya wanawe, akasikia. Komakech ndiye aliyewakusanya wazazi wa watoto wa gari hilo mwaka uliopita na kuwaambia wamwamini Tajudin, Mnubi mtu mzima asiyekunywa wala kukimbiza gari. Alichokikataa yeye, wengine walikikataa. Asubuhi ile Tajudin alishuka mlima na viti vitupu.

Nyumbani kwake, Kinawataka, chini ya mlima, mkewe Nusura alikuwa anakunja jamvi la swala. Alimtazama mumewe anavyoingia mapema, akajua kabla hajaambiwa. Aliingia chumbani akatoka na pesa alizofunga kwenye pindo la kitambaa. Zilikuwa za tabaga, vile vifuniko vya chakula vya ukindu wa rangi alivyosuka miezi mitatu kwa ajili ya harusi ya watu wa Bombo.

"Chukua, Baba Shifa. Utengeneze leo leo."

"Hizi si ndizo za mtihani wa Shifa?"

"Bila gari mtihani wenyewe uko wapi?"

Alizichukua bila kumtazama usoni.

*

Katwe, kwenye vibanda vya mafundi wa magari, kila aliyeulizwa ni nani anayezijua geji alitaja jina moja, Husnah. Tajudin alidhani ni jina la duka. Alimkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ovaroli ya buluu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma, ameinamia ubao wa redio na kichomeo cha kulehemu kinafuka moshi mkononi.

"Fundi mwenyewe yuko wapi?" Tajudin aliuliza.

"Unaongea naye, ssebo," alijibu kwa heshima.

Tajudin aligeuka kutazama kibanda cha jirani, kana kwamba mwanamume angetoka huko kumwokoa. Husnah alikuwa ameizoea hali hiyo. Alinawa mikono, akaingia kwenye kiti cha dereva, akafungua skrubu nne, akavuta lile boksi zima la geji kutoka nyuma ya usukani na kuchomoa plagi yake. Alipofungua mgongo wake, njia za umeme kwenye ubao zilikuwa zimeungua na kuwa nyeusi kama ukoko wa wali.

"Hili usinilipe nilitengeneze. Litakuzimikia tena mlimani. Tutafute lingine, la gari la aina hii hii."

Alikwenda kwa wauza spea za magari yaliyokatwa akarudi na boksi lililofungwa kwenye gazeti. Alilipangusa, akalipima kwa betri mezani, kisha akalirudisha mahali pake. Alipozungusha ufunguo, taa zote ziliwaka pamoja, nyekundu, kijani na njano, halafu moja moja zikazimika zile zilizopaswa kuzimika. Mshale wa mafuta ukapanda. Baada ya dakika chache wa joto nao ukanyanyuka.

"Kilomita zitakazosomeka hapa ni za marehemu, lile gari lililokatwa," Husnah alisema. "Za kwako nakuandikia kwenye karatasi, nabandika mlangoni. Siku ukiuza, mtu asidanganywe."

Tajudin alilipa. Hakusema asante, alisema, "Tutaona."

*

Ijumaa watoto walirudi garini, Laker pia. Komakech mwenyewe aliingiza kichwa dirishani, akaona mishale iko hai, akapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja, ishara ya kwenda.

Lakini hata shule, kule Bugolobi, haijafikiwa, Tajudin aliona jambo. Alipotazama spidi, geji ya joto, iliyokuwa mwisho kabisa upande wa kushoto, ilikuwa giza. Aliigeukia, ikawa inawaka. Alirudi kwenye spidi, ile ya kushoto ikazama tena. Waya umelegea, alijiambia. Aliishusha mizigo yake ya watoto na kukata moja kwa moja hadi Katwe.

Husnah alilitoa boksi tena. Alitikisa nyaya, akakaza plagi, akabadilisha balbu ya upande wa kushoto bila kumdai kitu. Alikaa kwenye kiti cha dereva robo saa nzima injini ikinguruma, macho kwenye geji. Hakuna kilichopepesa.

"Sasa?"

Tajudin aliikodolea ile geji. Ilikuwa inawaka vizuri sana. "Sasa sawa," alisema.

Hajaumaliza mzunguko wa mnara wa saa, ikazimika.

*

Jumamosi alirudi na Nusura. Alitaka mkewe ashuhudie pesa zake zilivyoliwa.

Tajudin hakuwa mtu wa makelele. Nusura alikuwa ameishi naye miaka ishirini na mbili na angeweza kuzihesabu kwa vidole siku alizomsikia akipaza sauti. Ndiyo maana alishtuka mumewe alipofungua mlango kabla gari halijatulia na kuanza kuita toka mbali.

"Fundi! Umenipa takataka! Njoo uchukue takataka yako!"

Wagonga mabati walisimamisha nyundo. Mkaanga chapati aligeuza shingo, akamwambia jirani yake, "Leo kuna sinema ya bule." Wateja wawili waliokuwa wakimngoja Husnah walisogea kando kidogo, wakitazamana.

"Mzee, karibu," Husnah alisema. "Shida ni ile ile?"

"Shida ni wewe! Mwanamke akishika bisibisi, ujue kuna mtu ataumia."

Watu waliangua kicheko. Nusura aliona shingo ya yule fundi ikikakamaa, akaona pia jinsi alivyoiweka ile bisibisi chini taratibu na kuiokota tena. Alitamani kuzama ardhini.

"Niambie polepole," Husnah alisema. "Inazimika vipi?"

"Nimekwambia jana! Nikitazama mshale wa spidi, hii ya kushoto inazimika. Nikiigeukia, inawaka. Nikirudi kwenye spidi, inazimika tena."

Husnah alimsogelea. "Rudia, ssebo."

Alirudia neno kwa neno, kwa hasira zaidi.

"Kwa hiyo inazimika wakati huitazami."

"Ndiyo! Si ndicho ninachokwambia?"

Wachache walicheka tena, kwa kuwa hawakuwa wakisikiliza. Husnah hakucheka. Aliwageukia: "Banange, kazi zenu zimekwisha? Nendeni." Kisha akamwomba Tajudin aingie kwenye kiti chake, Nusura aingie nyuma, naye akazunguka akakaa mbele, kushoto. Alifunga milango na kupandisha vioo. Mle ndani mkawa kimya na joto.

"Mzee, tazama mshale wa spidi. Usitoe macho hapo. Nikiinua bisibisi, niambie."

"Mchezo gani huu?"

"Mfurahishe tu, Baba Shifa," Nusura alisema kutoka nyuma.

Tajudin aliyakaza macho kwenye mshale. Husnah aliinua ile bisibisi yenye mpini mwekundu akaishika mbele ya geji ya joto. Aliitikisa. Aliisogeza karibu na shavu la Tajudin, karibu kabisa, akaitikisa tena. Nusura aliyaona yote. Alishika mgongo wa kiti cha mumewe kwa mikono miwili.

"Haya, inua basi," Tajudin alisema. "Nangoja."

"Nimeinua, mzee. Iko juu tangu zamani."

Tajudin aligeuka. Bisibisi ilikuwa imesimama umbali wa kidole kutoka usoni mwake.

"Sasa funika jicho la kulia," Husnah alisema kwa upole.

Alilifunika kwa kiganja, na Katwe yote ikaondoka. Mabati, watu, moshi wa chapati, dashibodi, mikono yake mwenyewe juu ya usukani, vyote vilikwenda, pakabaki ukungu wa kijivu kama kioo cha bafuni. Katika miaka yake hamsini na minne hakuwahi kuwa na sababu ya kufunika jicho moja. Alikiondoa kiganja haraka kama aliyeungua.

"Mama yangu alianza hivi hivi," Husnah alisema. "Aliniambia balbu za nyumba zinazimika pembeni. Nilibadilisha balbu zote, na mimi ndiye fundi. Nenda hospitali ya macho, mzee. Usingoje wiki ijayo. Na gari usi—"

"Unanifanya kipofu ili usirudishe pesa!"

Alifungua mlango na kusimama nje, akawapazia sauti wagonga mabati na mkaanga chapati na wale wateja wawili. "Mwizi huyu! Anauza spea mbovu, ukirudi anakwambia macho yako ndiyo mabovu! Mwizi!"

Wale wateja wawili walitazamana tena. Mmoja alichukua redio yake kutoka mezani kwa Husnah, wakaondoka.

Nusura alipokuwa anahamia kiti cha mbele, midomo yake ilimwambia Husnah samahani bila sauti. Njia nzima ya kurudi alitazama upande wa kushoto tu.

*

Jumapili mchana Shifa, binti yao wa kidato cha nne, alimwekea baba yake kikombe cha chai kando ya mkono wake wa kushoto na kurudi kwenye madaftari yake.

"Shifa, chai yangu vipi?"

"Si hiyo hapo, Baba?"

Mkono wa Tajudin uliruka kuitafuta, ukaikumba, chai ikamwagika juu ya jamvi. Shifa alicheka kidogo, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaenda kuleta kitambaa. Nusura alingoja mpaka akasikia maji ya bombani yanatiririka uani.

"Kesho twende hospitali."

"Kesho kuna shule."

"Basi Komakech ajue leo, watafute gari lingine."

"Ukimwambia Komakech, tumekwisha, Mama Shifa. Hutapata hata mmoja atakayerudi. Miaka ishirini na sita niko barabarani. Sijamwaga damu hata ya kuku."

"Mkwaruzo wa mlango wa kushoto ulitoka wapi?"

"Boda."

"Na bampa, pale kona ya kushoto?"

"Boda. Nilikwambia siku ile ile."

"Boda wote wa Kampala wanakuja kushoto kwako tu, Baba Shifa?"

Tajudin alikuwa anapangusa chai kwa ncha ya kanzu yake, mahali ambapo chai haikumwagika.

Baadaye Nusura alikaa uani na simu mkononi, namba ya Komakech imefunguka kwenye kioo. Aliitazama mpaka kioo kikazimika, akakiwasha, kikazimika tena. Wiki ile Shifa alitakiwa alipiwe mtihani. Muhula ulikuwa umebakiza wiki tatu. Wiki tatu tu, alijiambia, halafu likizo, halafu hospitali. Aliiweka simu chini ya mto wa kiti, na hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko maneno yote aliyowahi kuyatamka.

Aliingia ndani. "Nitakaa mbele," alisema. "Kesho na kila siku. Nitakuwa macho yako ya huko."

Tajudin aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Katwe alikuwa karibu kulia. "Hivyo sawa," alisema. "Hivyo inawezekana."

*

Asubuhi ya Jumatatu watoto walishangaa kumkuta mama mwenye shela ya njano kwenye kiti cha mbele.

"Boda kushoto," Nusura alisema. "Mama mwenye beseni, kushoto. Shimo. Shimo lingine. Punguza, kuna mtu na mbuzi."

Tajudin alifuata kila neno. Geji za Husnah zilikuwa zinawaka zote, na Nusura, aliyekuwa hajawahi kuzitazama maishani, alizisoma nazo. "Spidi ishirini na tano. Joto katikati."

Watoto waliuona kuwa ni mchezo mzuri sana. Kufikia mtoto wa tano walikuwa wanauimba. "Boda kushotooo! Shimo lingine!" Nusura hakuwakataza. Walipiga makofi kila gari lilipoyumba.

Barabara ya kwenda kwa Komakech ni nyembamba na inapanda. Geti lake liko kushoto. Walikuwa wamebakiza nyumba mbili pale watoto wawili wa nyuma walipoanza kugombania penseli, mmoja akapiga yowe, na Nusura akageuka. Aligeuka kwa pumzi moja tu, kuwaambia, "Nyie, acheni!"

Aliporudisha uso mbele, Laker alikuwa ameshashuka kwenye ukingo wa barabara, begi mgongoni, mkono umeinuliwa kuwapungia, na kona ya gari ilikuwa inamjia.

"Simama! Simama! Simama!"

Tajudin alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari liliinama, watoto wakarushwa mbele, injini ikazima. Nusura hakuona mtoto mbele ya kioo. Aliufungua mlango, akashuka.

Laker alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta. Begi lilikuwa limemchomoka begani na kubanwa chini ya tairi la mbele. Alikuwa analitazama lile begi, si gari. "Chakula yangu iko ndani," alisema.

Nusura alimpapasa kichwa, mikono, magoti. Mzima. Alirudi dirishani kwa mumewe, akainama.

"Nilimwona," Tajudin alisema upesi. "Nilimwona, ndiyo maana nikasimama."

"Ulimwona nani?"

"Yule boda."

"Hakukuwa na boda, Baba Shifa."

Alimtazama mkewe, kisha akageuza kichwa taratibu kuelekea kushoto, mpaka macho yake yakamfikia mtoto aliyekaa chini karibu na tairi.

Geti lilifunguliwa. Komakech alitoka mbio, fulana ya ndani, povu la kunyolea ndevu upande mmoja wa uso. Alimnyanyua bintiye, akamgeuza mbele na nyuma, akatazama begi, akatazama alama ya tairi kwenye vumbi.

"Breki," alisema, akihema. "Breki imekufa, siyo? Mzee, breki iko na shida?"

Nusura alifumba macho. Breki. Neno lenyewe lilikuwa limeletwa mezani na mwenye nyumba. Breki hutengenezwa Katwe kwa nusu siku, na hakuna mtu anayeaibika kwa sababu ya breki. Alimsikia mumewe akivuta pumzi, na katika pumzi ile hakujua mwenyewe anaomba atamke nini.

"Breki ni nzima, Afande," Tajudin alisema. "Sikumwona mtoto."

"Hukumwona namna gani? Alisimama hapa!"

"Upande huu sioni. Jicho la kushoto halina kitu. Hili lingine linaona nusu."

Povu lilikuwa linamtiririka Komakech shingoni, asilipanguse. "Tangu siku ngapi?"

"Sijui lini lilianza. Kujua nimejua Jumamosi."

"Jumamosi." Komakech alilirudia neno kama anayelipima uzito. "Na leo ni Jumatatu." Akamgeukia Nusura. "Na wewe, mama? Ulijua?"

"Nilijua."

Alimtazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mumewe. "Wewe uko mzazi," alisema. Hakuongeza kitu, na Nusura angependa amwongezee, hata tusi.

Komakech alifungua mlango wa dereva. "Toka." Tajudin alishuka. "Mama, na wewe." Alipangusa povu kwa fulana yake, akamwingiza Laker nyuma na wenzake, akarudisha kiti nyuma, akaliwasha gari na kuwapeleka watoto shule vile vile alivyo, nusu uso umenyolewa. Watoto hawakuimba.

Mume na mke walibaki wamesimama nje ya geti. Hawakuweza kuondoka, kwa kuwa gari lilikuwa lao na lingerudishwa hapo. Majirani walipita kwenda kazini na kuwasalimia, nao waliitikia. Mke wa Komakech alichungulia mara moja, akafunga geti kwa ndani. Jua lilianza kuuma. Baada ya muda Tajudin alisema, "Ungekuwa umempigia jana." Nusura akasema, "Ndiyo." Hakuna aliyemlaumu mwenzake baada ya hapo.

Komakech aliporudi hakumpa Tajudin ufunguo. Alimpa Nusura.

"Wazazi wote nimewaambia. Nikikuta yeye kwa usukani tena, sitaongea na mdomo." Alianza kuondoka, akasimama. Alizungumza akiwa amewapa mgongo. "Ungesema breki, ningekuamini. Kesho ningempandisha mtoto wangu tena."

*

Hospitalini waliambiwa ni presha ya macho. Huja kimyakimya, bila maumivu, na huanza kula pembeni ili mwenye jicho asijue. Daktari alizungumza nao bila kuficha: kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, mpaka mwisho wa maisha. Angekuja miaka mitatu iliyopita, alisema, kisha akaona uso wa Nusura akaacha.

Shifa alisajiliwa kwa mtihani siku ya mwisho kabisa. Mama yake aliuza cherehani. Gari lilikaa wiki mbili uani chini ya turubai, halafu Sufian, mtoto wa dada yake Nusura, akaja kuliendesha. Nusura alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi wazazi. Baadhi walimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha. Mmoja alimwambia, "Una ujasiri gani wa kuja hapa?" naye akasema hana, amekuja tu. Watatu walirudisha watoto, kwa sharti Nusura awe ndani ya gari kila safari. Kwa Komakech alibisha hodi mara mbili na hakufunguliwa. Asubuhi, gari likipita, humwona Laker akisimama na baba yake upande wa pili wa barabara wakingoja boda. Mtoto hupunga mkono. Baba hapungi.

Tajudin alijifunza kukaa nyumbani, kazi iliyomshinda kuliko kuendesha. Alijifunza kumwaga tone ndani ya jicho bila kupepesa. Siku moja, wiki ya sita, alimwambia Shifa avae viatu ampeleke Katwe.

Alitembea amemshika bintiye bega kwa mkono wa kushoto. Nyundo zilikuwa zinalia kama kawaida. Alisimama mbele ya kibanda cha Husnah na kupaza sauti, kwa mara ya pili mahali pale.

"Nisikilizeni! Mimi ndiye yule niliyekuja hapa Jumamosi nikamwita fundi huyu mwizi. Hakuwa mwizi. Geji zake ni nzima mpaka leo. Aliniambia kweli kuhusu macho yangu nikamtukana mbele yenu. Nimekuja kuomba radhi mbele yenu."

Wagonga mabati walitazamana. Mkaanga chapati alikuna kichwa. "Jumamosi gani, mzee?" aliuliza. Hapakuwa na mmoja aliyekumbuka.

Husnah alikiweka kichomeo chake kwenye ukingo wa kopo. "Wao wamesahau," alisema. "Mimi sijasahau. Wateja wawili waliondoka siku ile, na kila walikokwenda walisema."

"Niambie wanakaa wapi. Nitawafuata."

"Hutawapata, mzee." Alimtazama Shifa, akatazama mkono uliokuwa begani mwake. "Walisemaje hospitali?"

"Hili limekwenda. Hili limebaki nusu. Natia dawa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Usiruke hata moja. Mama yangu aliruka." Akavuta stuli ya plastiki kwa mguu akaisukuma mbele. "Kaa unywe maji. Mmetoka mbali."

"Hapana, tunarudi. Nilikuja kwa hilo tu."

"Basi nimelisikia," Husnah alisema, akachukua kichomeo chake.

Walipofika barabarani Shifa alisema, "Baba, nipo huku," kwa kuwa watu walikuwa wengi na bega lake lilikuwa limemponyoka baba yake mkononi. Zamani angejibu, najua, nakuona. Tajudin alisimama katikati ya watu, akaacha wampite, akageuza kichwa chote kushoto, polepole, zaidi, na zaidi kidogo, mpaka akampata.